Hipnosi: Kinachobadilika Kichwani na Kisichobadilika

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kufika. Kabla sijaeleza chochote, tufanye jambo dogo la dakika moja. Wekeni simu pembeni. Nyoosheni mkono wa kushoto mbele yenu, usawa wa bega, kiganja kitazame chini. Fumbeni macho. Sasa fikirieni mmetundikiwa ndoo kwenye kifundo cha mkono, ndoo ya lita 10, na kuna mtu anaijaza maji kwa kata, polepole. Kata ya kwanza. Ya pili. Mpini unaanza kukata ngozi. Ya tatu, maji yanacheza ndani. Bega limeanza kulalamika. Ya nne, ya tano, ndoo inavuta chini, inazidi kuvuta.

Fumbueni macho. Tazama mkono wako uko wapi, kisha chungulia wa jirani.

Naam. Mingi imeshuka, mingine imefika mapajani, na michache iko palepale ilipoanzia. Sasa nisikilizeni: ndoo haipo. Mkono ni mwepesi kama ulivyokuja nao. Ukunjeni, ukunjueni, utikiseni. Msiiruke hatua hiyo. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Mlichofanya ni kipengele cha kwanza cha kipimo cha hipnosi kiitwacho Stanford Fomu C, kilichotungwa na wanasaikolojia André Weitzenhoffer na Ernest Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1962. Mkono ukishuka angalau sentimita 15 hivi katika sekunde 10 za mwisho, unahesabiwa umefaulu. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 hufaulu. Na hapa hakuna aliyelala, hakuna aliyetikisiwa saa ya mnyororo usoni, hakuna aliyeambiwa kwamba anapelekwa kwenye hali yoyote. Maneno matupu yameshusha mkono wa mtu aliye macho, anayejua fika kwamba ndoo haipo.

Basi hipnosi inaongeza nini juu ya hapo? Jibu langu ni kwamba inaongeza kidogo na inapunguza kikubwa. Inapunguza ile kazi ya kujikagua ambayo kichwa hufanya kutwa nzima bila kutuambia: hili nimelifanya mimi au limetokea lenyewe? Hiki ninachokisikia kiko nje au ninakiwaza? Je, haya mawili yanapatana? Mtu aliye macho huyajibu maswali hayo kila nukta. Mtu aliyezama kwenye hipnosi huacha kuyauliza, na mambo mengi ya ajabu mnayoyasikia yanatoka hapo.

Tuanze na jina, maana jina limepotosha wengi. James Braid alikuwa daktari wa upasuaji, Mskoti aliyefanya kazi Manchester. Mwaka 1841 alikwenda kutazama maonyesho ya Mfaransa aliyeitwa Lafontaine, aliyekuwa akiwazubaisha watu jukwaani, akaenda kama mtu anayetafuta ulaghai, akarudi nyumbani na swali. Mwaka 1843 alichapisha kitabu na kuliita jambo hilo kwa neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Miaka michache baadaye aliona amekosea. Watu wake hawakuwa wamelala. Walikuwa wamekaza fikra mahali pamoja. Akajaribu kulibadilisha jina liwe na maana ya “wazo moja”, lakini la kwanza lilikuwa limeshaenea na halikurudi. Hata leo ukimpima mtu mawimbi ya ubongo akiwa kwenye hipnosi, hupati mchoro wa usingizi. Ukimgonga chini ya goti, mguu unaruka kama wa mtu yeyote aliye macho.

Sisi kwa Kiswahili tuna matatizo yetu. Tuna kiinimacho, tuna mazingaombwe, na mtu akitoa pesa zake zote kwa mgeni aliyekutana naye stendi tunasema amepumbazwa. Niliseme hili mara moja tuliache: kumwingiza mtu kwenye hipnosi kwa utaratibu wa kawaida huchukua dakika 10 hadi 15, akiwa ameketi na amekubali. Tapeli wa stendi hana dakika hizo. Alichonacho ni haraka, maneno mengi, mwenzake anayejifanya mpita njia, na tamaa ya yule anayetapeliwa; na pengine dawa kwenye kinywaji au biskuti, ambayo ni kesi ya hospitali na polisi.

Kabla ya Braid alikuwapo Mesmer, aliyesema kuna mvuto fulani unaopita kutoka kwa mganga kwenda kwa mgonjwa. Mwaka 1784 mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliunda tume ya kulichunguza dai hilo, na ndani yake walikuwamo Benjamin Franklin na mkemia Lavoisier. Jaribio lao moja lilifanyika bustanini kwa Franklin, Passy. Mfuasi wa Mesmer aliutia “mvuto” mti mmoja wa aprikoti. Kijana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni, akapitishwa mti hadi mti akiukumbatia kila mmoja. Kwenye mti wa nne alizimia. Mti ule haukuwa wenyewe. Tume ikaandika kwamba mvuto haupo, kilichofanya kazi ni fikra. Walikuwa sahihi, ila waliishia hapo, kana kwamba kusema “ni fikra tu” kumemaliza habari. Fikra iliyomwangusha kijana wa miaka 12 inastahili kuchunguzwa.

Sasa utaratibu wenyewe. Nitaueleza wa Stanford, kwa sababu umeandikwa neno kwa neno na umetumika maabara nyingi kwa zaidi ya miaka 60. Mtu anaketi kwenye kiti chenye mahali pa kuegemeza kichwa. Anachagua kitu kidogo cha kukazia macho, kiwe juu kidogo ya usawa wa macho ili kope zichoke. Mwongozaji anasoma kwa sauti ya kawaida isiyopanda wala kushuka sana: sikiliza sauti yangu, kope zinakuwa nzito, miguu inalegea, mikono inalegea, kifua kinalegea. Macho yakikataa kufumba yenyewe, mtu huambiwa ayafumbe tu. Kisha mwongozaji anahesabu 1 hadi 20, na katikati ya namba anasema kwamba kila namba inampeleka ndani zaidi. Hapo ndipo mapendekezo huanza.

“Pendekezo” nalitumia kwa maana ya pekee. Amri husema: shusha mkono. Pendekezo husema: mkono unashuka. Tofauti ya sarufi ni ndogo, lakini ndiyo kazi yote. Amri inampa mtu kitendo akifanye, na akikifanya anajua amekifanya. Pendekezo linampa tukio alishuhudie. Ukimuuliza baadaye mtu aliyefaulu, mara nyingi atakwambia: “Sikuushusha, umeshuka.” Misuli ni yake, ubongo uliotuma amri ni wake, lakini ile taarifa ya kawaida kwamba “nimeamua mimi” haikufika. Weitzenhoffer aliona kwamba pasipo hisia hiyo ya jambo kujitokea lenyewe, ulichonacho ni utiifu wa kawaida. Nakubaliana naye.

Fomu C ina vipengele 12, na vimepangwa hivi kwamba ugumu unaongezeka kadiri mnavyoendelea. Mkono mzito ni rahisi. Mbu anayelia sikioni na kutua mkononi, mbu asiyekuwapo, humfanya karibu nusu ya watu wapungie mkono au wakunje uso. Kisha kuna kunusa chupa ya amonia baada ya kuambiwa kwamba pua haisikii harufu. Anayefaulu kabisa ni kama mmoja kati ya 5. Mwishoni kuna masanduku matatu madogo mezani, na mtu ameambiwa yako mawili. Anafumbua macho, anayatazama, anahesabu mawili. Wanaofika hapo hawafiki mmoja kati ya 10.

Ukijumlisha alama, watu hugawanyika: asilimia 10 hadi 15 ni wepesi sana kuitikia, kiasi kama hicho ni wagumu, na wengi wetu tuko katikati. Wepesi huo haufuati akili wala elimu, na si udhaifu wa moyo. Pia haubadiliki sana. Wanafunzi 50 wa Stanford waliopimwa zamani walipimwa tena baada ya miaka 25, na alama zao za awali na za baadaye zilioana kwa 0.71, ambapo 1 ni kuoana kikamilifu. Kwa hiyo yule anayejinadi kwamba anaweza kumwingiza mtu yeyote popote anasema lisilowezekana. Waongozaji wa jukwaani hulijua hili vizuri: dakika 10 za kwanza za onyesho lao ni kuchuja. Wanawapa ukumbi mzima zoezi kama lile la ndoo, kisha wanawaita mbele wale tu walioitikia.

Sasa nije kwenye kuona na kuhisi, maana hapa ndipo watu huuliza: je, anaona kweli au anatuambia tu anaona? Kwa miaka mingi swali hilo halikuwa na jibu, kwa sababu chombo pekee kilikuwa mdomo wa mtu mwenyewe. Picha za ubongo zilibadilisha mambo.

Mwaka 2000 Stephen Kosslyn na wenzake walichukua watu 8, wote wepesi sana. Walionyeshwa picha ya mistatili ya rangirangi, na nyingine ya umbo hilohilo kwa kijivu. Wakati mwingine waliambiwa waione ilivyo. Wakati mwingine waliambiwa waitie rangi ile ya kijivu, au waiondolee rangi ile ya rangi. Wakiwa kwenye hipnosi, sehemu za ubongo zinazoshughulikia rangi, kushoto na kulia, zilifuata maneno: walipoambiwa wanaona rangi ziliamka, hata picha ikiwa ya kijivu, walipoambiwa rangi imetoka zilitulia, hata picha ikiwa imejaa rangi. Bila hipnosi, watu walewale wakijitahidi kuwaza rangi, upande wa kulia ulifuata na wa kushoto haukufuata. Yaani kuwaza rangi ukiwa macho hukupeleka nusu ya njia.

Kuhusu kusikia, kuna jaribio la Henry Szechtman la mwaka 1998 ambalo kwangu mimi ndilo linalosema mengi zaidi. Watu walilala kwenye mashine na kupitia hali tatu muhimu: kusikia sauti ya mtu kwenye kanda, kuiwaza sauti hiyo, na kuambiwa kanda inapigwa wakati haipigwi. Wale walioisikia sauti isiyokuwapo waliwashwa eneo moja la upande wa kulia katika singulati ya mbele, mkunjo ulioko ndani, katikati ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Eneo lilelile liliwaka walipoisikia sauti ya kweli. Walipoiwaza tu, halikuwaka. Zingatieni hilo. Kitu cha kufikirika kilipigwa muhuri wa “kimetoka nje”, na muhuri huo una mahali pake kichwani.

Maumivu yanaenda mbali zaidi, kwa sababu yanaonyesha jinsi maneno yanavyochagua. Pierre Rainville na wenzake, mwaka 1997, waliwatumbukiza watu mkono kwenye maji ya nyuzijoto 47, moto unaouma bila kuunguza kwa muda mfupi. Kila mmoja anajua maumivu yana mambo mawili: ukali wake, na karaha yake. Jino linaweza kuuma kiasi kilekile mchana na usiku, lakini usiku likakuudhi mara mbili. Mapendekezo yaligusa karaha peke yake: ukali ule ule, lakini hauudhi, au ukali ule ule, lakini hauvumiliki. Kilichobadilika kilikuwa singulati ya mbele, ile ile ya kwenye kanda. Gamba la hisi, sehemu ya ubongo inayopima ukali na mahali, halikubadilika. Miaka minne baadaye kundi hilohilo lilibadilisha maneno, likapendekeza ukali wenyewe upande au ushuke. Safari hii gamba la hisi likabadilika.

Kwa hiyo anayetumia hipnosi kwa mgonjwa hawezi kusema tu “hutasikia maumivu” na kuondoka. Anapaswa kujua anagusa kipi. Mgonjwa wa saratani ambaye maumivu yake yanamnyima usingizi kwa hofu huenda akafaidika na pendekezo la karaha: maumivu yapo, lakini yako mbali, kama redio ya jirani. Anayeng'olewa jino anahitaji la ukali: ganzi, baridi, fizi iliyokufa kama baada ya barafu. Ukichanganya, unapata mgonjwa anayesema “haikusaidia”, na atakuwa amesema kweli.

Nihamie kwenye kufikiri. Chukueni neno NYEKUNDU, liandikwe kwa wino wa kijani, kisha mtu aulizwe haraka: wino ni rangi gani? Atakwama kidogo, kwa sababu aliyejua kusoma hawezi kuacha kusoma. Jaribio hilo ni la John Ridley Stroop, mwaka 1935, na kukwama huko kulihesabiwa kuwa hakuzuiliki. Mwaka 2002 Amir Raz na wenzake waliwapa watu 32, nusu wepesi na nusu wagumu, pendekezo la kutumika baada ya hipnosi kwisha: ishara ikitolewa, maneno yatakayokuja yataonekana kama maandishi ya lugha ngeni usiyoijua, na kazi yako ni kutaja wino. Kwa wagumu hakikubadilika kitu. Kwa wepesi, kukwama kulikwisha. Baadaye picha zikaonyesha kwamba singulati ya mbele, inayogundua migongano ya aina hiyo, ilikuwa imetulia. Mgongano haukutatuliwa haraka zaidi, haukutokea.

Lakini nisiwafiche lililofuata. Raz alirudia kazi hiyo mwaka 2006 na kuona kwamba wale wepesi walipata matokeo yaleyale hata bila kuingizwa kwanza kwenye hipnosi. Pendekezo peke yake lilitosha. Hapa ndipo ulipo ubishi mkubwa wa taaluma hii, na una umri mkubwa kuliko wengi wetu humu. Upande mmoja, Hilgard na wenzake, husema ipo hali maalumu ambamo sehemu za akili hutengana. Upande wa pili, Theodore Barber, Nicholas Spanos na wengine, husema hakuna hali yoyote: kuna matarajio, hamu ya kushirikiana na uwezo wa kuwaza kwa nguvu, na utaratibu wa kuhesabu 1 hadi 20 ni mapambo yenye faida ndogo. Msimamo wangu uko katikati na umeelemea upande wa pili. Kuingizwa rasmi kunaongeza mwitikio kidogo. Kinachobeba uzito ni mtu mwenyewe na maneno. Hata hivyo, ninaposoma kazi ya David Spiegel na wenzake, iliyochapishwa 2016, siwezi kusema hakuna kinachotokea. Walichuja watu 545, wakabaki na wepesi 36 na wagumu 21. Kwa wepesi wakiwa ndani ya hipnosi, sehemu ya juu ya singulati ilipoa; na sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga kazi ililegeza uhusiano wake na ule mtandao unaofanya kazi tunapojifikiria wenyewe. Kufanya jambo kuliachana na kujitazama ukilifanya. Kwa wagumu hilo halikuonekana.

Kujikagua kukilegea, mantiki nayo inalegea kwa namna ya pekee. Martin Orne aliieleza mwaka 1959. Mtu anaambiwa kwamba fulani ameketi kwenye kile kiti kitupu. Anamwona, anamsalimu. Ukimwomba amweleze, anaweza kusema: namwona, na ninauona mgongo wa kiti kupitia mwilini mwake. Halafu anatulia. Halimsumbui. Ukimwonyesha fulani yule yule amesimama nyuma yako, huwakubali wote wawili. Orne aliwaweka pembeni watu wengine walioambiwa wajifanye wameingia kwenye hipnosi, na hao kwa kawaida hawakukosea namna hiyo; anayeigiza hujilinda, humpa mtu wa kuwazwa mwili mzima usiopenya. Si kila mwepesi huonyesha jambo hili, na waigizaji wachache nao huligusa, kwa hiyo msilichukue kama kipimo cha kumkamata mwongo. Lichukueni kama picha ya akili iliyoacha kudai kwamba mambo yapatane.

Na je, ile taarifa iliyozuiwa inakwenda wapi? Hilgard alikuwa akionyesha darasani kijana mwanafunzi, asiyeona, aliyependekezewa uziwi. Kelele zilipigwa karibu yake, hakushtuka. Mtu mmoja akauliza kama kweli hakuna sehemu yoyote yake inayosikia. Hilgard akamwambia kijana kwa sauti ya chini: kama kuna sehemu yako inayonisikia, kidole cha shahada kiinuke. Kidole kikainuka. Hilgard akakiita kitu hicho mtazamaji aliyejificha, akajengea nadharia. Spanos naye akaonyesha kwamba mtazamaji huyo husema kile alichodokezwa atasema: ukimwelekeza kwamba anahisi zaidi, anahisi zaidi, ukimwelekeza kinyume, kinyume. Ninachokichukua hapo ni kidogo na kigumu: masikio yalifanya kazi. Hipnosi haikuziba mlango, ilizuia habari isifike barazani.

Nikae kidogo kwenye kumbukumbu, kwa sababu hapa hipnosi imeumiza watu. Imani iliyoenea ni kwamba ukiwa kwenye hipnosi unaweza kurudi utotoni na kuona tena yaliyotokea. Orne alilijaribu, akachapisha mwaka 1951. Mtu mmoja alirudishwa kwenye umri wa miaka 6, wakati alipokuwa akijua Kijerumani peke yake. Akaulizwa kwa Kiingereza kama anaelewa Kiingereza. Akajibu “Nein”. Akaulizwa tena kwa namna nyingine, naye akaendelea kukana kwa Kijerumani. Tazameni vizuri: kila mara alielewa swali la Kiingereza, ndiyo maana aliweza kulikana. Mtoto hakurudi. Alikuwa mtu mzima anayeishi ndani ya wazo la kuwa mtoto, na hakuona kosa, kwa sababu ile kazi ya kuona makosa ndiyo iliyopumzishwa.

Mwaka 1983 Jean-Roch Laurence na Campbell Perry waliwauliza watu 27, wote wepesi, kuhusu usiku mmoja wa wiki iliyopita. Kwanza kila mmoja aliueleza alivyoukumbuka. Kisha, kwenye hipnosi, wakapendekezewa kwamba usiku huo walishtuliwa na milio mikubwa. Baadaye, wakiwa macho, 13 walisema milio ilitokea. Baadhi walishikilia hivyo hata walipoambiwa wazi kwamba wazo hilo limetoka kwa mwongozaji. Mnaelewa sababu. Muhuri wa “kimetoka nje” ulipigwa juu ya kitu kilichopandwa, na ukikitafuta baadaye unakikuta kina muhuri. Mwaka 1985 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitamka kwamba kumbukumbu zilizotolewa kwa hipnosi haziaminiki hata kama za kawaida. Kinachoongezeka ni maneno mengi na uhakika wa mtu, ukweli haufuati. Shahidi asiye na uhakika anaweza kugeuzwa kuwa shahidi asiyeyumba, na mahakama hupenda shahidi asiyeyumba. Kwa hiyo anayekuahidi kufukua siri za utotoni kwa njia hii, mwambie asante na uondoke.

Hospitalini mambo ni mazuri zaidi. Huko Liège, Ubelgiji, tangu 1992 timu ya Marie-Elisabeth Faymonville imekuwa ikifanya upasuaji wa maelfu ya wagonjwa kwa ganzi ya mahali, dawa ya kutuliza kidogo, na hipnosi, badala ya nusukaputi. Msisahau ganzi ipo. Marekani, Elvira Lang alichapisha mwaka 2000 matokeo ya wagonjwa 241 waliopitishiwa mirija mwilini wakiwa macho: waliopata huduma ya kawaida walichukua dakika 78 kwa wastani, waliopata hipnosi dakika 61, na maumivu ya kundi hili hayakupanda kadiri muda ulivyosonga. Manchester nako, tangu kazi ya Peter Whorwell ya 1984, hutumika kwa tumbo sumbufu lisiloitikia dawa.

Sasa yanayoharibika. La kwanza ni mwendo. Mwongozaji mgeni huwahi. Anasema mkono umeshuka wakati bado uko juu, na tangu hapo anayeongozwa anajua sauti hii inasema yasiyokuwapo. Fuata mwili: kope zikicheza ndipo useme zinacheza. La pili ni kumpa changamoto mapema, “jaribu kufumbua macho uone kama unaweza”. Akiyafumbua, umemfundisha kwamba maneno yako hayafanyi kazi; anza na lile ambalo watu 9 kati ya 10 huliweza. La tatu ni picha mbaya. Ngazi za kushuka chini ni za kawaida vitabuni, lakini kwa anayeogopa vyumba vya chini au aliyenusurika kwenye kisima, umemwogopesha. Na bahari tulivu kwa asiyejua kuogelea ni vilevile. Uliza kwanza.

La nne ni kutochagua mtu. Anayesikia sauti zisizokuwapo kwa ugonjwa, au anayeamini wengine wanaingiza mawazo kichwani mwake, usimpe zoezi la kulegeza mpaka kati ya ndani na nje. Mpaka huo ndio unaomsumbua. Aliyelewa pia aachwe.

La tano ndilo la ndoo. Kila pendekezo linalobadilisha mwili au hisi lina kulifuta kwake, na hulifuti kwa kudhani litajifuta. Wengi hurudi wenyewe, lakini wapo wanaondoka na mkono mzito, kichwa kinachouma, au uzito wa macho, na hushtuka kwa sababu hawajui vimetoka wapi. Fomu za Stanford zinafuta kila kipengele kabla ya kinachofuata. Mkono ulioambiwa mzito unaambiwa umekuwa wa kawaida, kisha mtu anausogeza ahakikishe. Pua iliyozibwa inaambiwa imezibuka, kisha inanusishwa. Pendekezo la kusahau nalo lina neno lake la kufungua.

Kumtoa mtu ni kuhesabu kinyume, 20 hadi 1. Kwenye 5 anafumbua macho, kwenye 1 yuko macho kabisa. Anayebaki amefumba macho hajakwama. Mara nyingi amestarehe, au amepitiwa na usingizi wa kweli, na ukimwacha ataamka. Hesabu tena, kwa sauti iliyochangamka zaidi. Kisha mwache aketi dakika chache, aulizwe tarehe na mahali alipo, asimame, atembee, anywe maji. Asipande pikipiki wala kushika usukani mpaka ajisikie kama alivyoingia. Muda nao humchanganya: wengi hudhani zimepita dakika chache kuliko zilizopita, kwa hiyo mwonyeshe saa.

Naona dada pale nyuma ameshainua mkono, na sina hakika kama ni swali au ni ndoo. Karibu, dada.